Sikandi watu: siku moja ya mtaalamu wa fiziotherapia, Tabora

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye bodaboda, chaki mbili mfukoni. Wengi mjini hapa wanadhani kazi yangu ni kukanda watu mafuta. Sikandi. Nafundisha watu kutembea upya.

Saa mbili hadi saa nne: wagonjwa wawili wa kiharusi, mtoto mwenye mguu kifundo, goti la fundi ujenzi.

Saa nne na nusu akaingia mzee kutoka Sikonge, mkulima wa tumbaku, na kijana wake. "Mwangaluka, baba." Akaitika kwa sauti ndogo, uso hauonyeshi kitu. Mkono wa kulia hauchezi akitembea. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama anasokota sigara. Kwenye mlango wa chumba cha mazoezi akaganda. Kijana akamsukuma mgongoni: "Twende baba! Dada, nyumbani anatembea vizuri, hapa anajifanya."

Nilikasirika. "Mdogo wangu, utamwangusha." Ugonjwa wa Parkinson unaua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, na ule mwendo wa kujiendea tu bila kuuwaza ndio unaopotea. Lakini akiwa na kitu cha kulenga kwa macho, mguu mara nyingi unatii. Nikapiga magoti, nikachora mistari hadi ng'ambo ya kizingiti. "Baba, vuka mstari." Akainua mguu. Akavuka. Kijana kimya.

Tulirudia, sijui mara ngapi. Umeme umekatika, foleni inanung'unika, kiuno changu kinawaka. Kumbe levodopa, dawa yake ya Parkinson, anameza pamoja na maharage! Protini inagombania njia na dawa. Nikamwelekeza: nusu saa kabla ya kula, saa zilezile kila siku.

Cha mchana nilikula jua limeshapinda. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba alfa-sinuklini iliyoharibika, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mwenye Parkinson, inatambulika kwenye maji ya uti wa mgongo, na nilifurahi kweli niliposoma. Hapa kipimo changu bado ni macho. Hata wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, wagonjwa wengi wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mzee wangu ametetemeka miaka minne akiambiwa ni uzee, kisha amerogwa.

Nafunga mlango, kijana huyo amerudi peke yake. "Dada, naomba chaki. Ila kwetu sakafu ni udongo."

"Basi tumia majivu."

Akauliza mistari iachane kiasi gani. Tukamfuata baba yake chini ya mwembe, nikampimia kwa hatua yake.