Swichi ya chumbani kwa Mama

Mama alinipigia simu masika ya mwaka 2018 akaniambia taa ya barazani haizimi. Nikamwuliza, inawaka kabisa? Akasema hapana, inawaka kama kaa lililofunikwa jivu. Swichi kaizima, lakini globu inatoa kimwanga usiku kucha.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwekea globu za LED, maana zile za zamani zilikuwa zinaungua kila mara. Nikajua nimeuziwa mbovu. Jumamosi nikapanda basi la Morogoro nikiwa na globu nyingine mbili kwenye begi, pamoja na swichi mbili za tuwei, zile za kuwashia taa moja ukiwa sehemu mbili tofauti, kwa sababu Mama alikuwa na ombi lake la siku nyingi: alitaka awashe taa za nje akiwa chumbani. Tangu Baba afariki anaishi peke yake, na mbwa wa jirani wakibweka ilimbidi apapase korido gizani hadi sebuleni kwenye swichi, ndipo achungulie uani. Jambo hilo lilikuwa likininyima usingizi mimi huku Dar es Salaam.

Nikabadilisha globu. Usiku tukazima, tukatoka barazani kutazama. Kimwanga kile kile.

Kesho yake akaja fundi mmoja mzee wa mtaa wa pili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu zima hiyo swichi."

Akapanda ngazi, akafungua globu, akaingiza testa kwenye holda. Kitaa kilichomo ndani ya mpini kikawaka chekundu. Akanigeukia. "Umeona? Swichi imezimwa, na moto uko hapa."

Aliyefunga taa zile za nje, nyumba ikiwa imeshajengwa zamani, alitoa waya wa moto, ule unaoleta umeme, darini akaupeleka moja kwa moja kwenye taa, halafu nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndiyo akaipitisha kwenye swichi. Ukizima, taa inazimika kwa kuwa njia ya kurudia umeme imekatwa, lakini holda inabaki na volti 230 usiku na mchana. Globu za zamani zilihitaji umeme mwingi ndipo ziwake, kwa hiyo hatukuwahi kushtuka. LED inatosheka na kidogo sana, hata ule unaojipenyeza kwenye waya zilizolala pamoja ndani ya paipu.

Nikamtazama Mama. Kila masika kumbikumbi huvamia taa ile, na asubuhi kifuniko chake kinakuwa kimejaa mbawa. Mama hawezi kuuacha uchafu mpaka mtu aje. Huzima swichi, hupanda kwenye stuli ya jikoni, hufungua kifuniko na kupitisha kitambaa kibichi hadi shingoni mwa holda. Miaka tisa amefanya hivyo.

"Lakini nilikuwa nazima kwanza," alisema taratibu.

"Ulifanya sawasawa, mama," fundi akamjibu. "Hukukosea wewe."

Hasira niliyoipata pale sijaimaliza mpaka leo. Kuupeleka waya wa moto kwenye swichi, na nyutro kwenye taa, hakumgharimu fundi hata shilingi moja zaidi. Ni kujali tu, basi.

Tukazima mein swichi. Mimi nikapanda darini na tochi, fundi akawa chini ananivutisha waya za milimita za mraba 1.5. Zile za zamani zilikuwa nyekundu na nyeusi, mpya ni za kahawia na bluu, na kila tulipounganisha alinitaka nitamke kwa sauti: nyekundu na kahawia, moto, nyeusi na bluu, nyutro. Moto tuliuingiza kwenye skrubu ya pamoja, iliyoandikwa COM, ya swichi ya sebuleni. Waya mbili zikatoka kwenye skrubu zake nyingine mbili, L1 na L2, kwenda kwenye L1 na L2 za swichi ya chumbani, na COM ya chumbani ikapeleka moto kwenye taa. Nyutro tukaifikisha kwenye taa bila kugusa swichi yoyote.

Kabla ya kutoboa ukuta wa chumbani, fundi alimwomba Mama ajilaze kitandani kama anavyolala siku zote, kisha anyooshe mkono. Vidole vilipoishia, akapiga alama ya penseli. Sijawahi kuona fundi mwingine akipima hivyo.

Mwisho, umeme ukiwa umerudishwa na swichi imezimwa, akaingiza tena testa kwenye holda. Giza.

Saa nne usiku nilisimama uani, kanga ya Mama mabegani kwa ajili ya manyunyu. Taa ya barazani ikawaka, na ile ya karibu na banda la kuku. Zikazima. Nikasogea mpaka chini ya globu nikaikazia macho.

"Imezima?" Mama aliuliza dirishani.

"Imezima, Mama."

"Na ya kule kwa kuku?"

"Nayo."

Akaziwasha tena.