Hukucheza na mimi

Tangu Jumapili kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki changu, halitoki wala halishuki.

Tulikuwa uani, mimi na baba, bao katikati yetu. Mchezo umeisha, nimefungwa mkononi kama kawaida, yaani kete za akiba hazijamalizika na mstari wangu wa mbele uko mtupu. Baba anakusanya komwe zake, ndizo kete zetu. Nikamuuliza:

"Nimecheza vipi leo, baba?"

"Umecheza vizuri."

Nikafurahi. Naye akaendelea kukusanya, moja moja, bila kuinua uso.

"Ila hukucheza na mimi."

"Nimecheza na nani basi?"

Akanitazama kidogo. "Hebu nitazamie ile kahawa, mwanangu, isije ikafurika."

Ni hayo tu. Nilikwenda kuitazama kahawa, haikuwa hata imeanza kutoa moshi. Niliporudi alikuwa amefunika bao kwa kile kitambaa chake cha kijani, na mtu hamuulizi baba jambo akishafunika bao.

Goti la baba linamsumbua. Tangu mwezi wa Shaaban hafiki barazani, na wazee wenzake, ambao mwanzo walikuwa wakija kila alasiri, sasa wanapita siku moja moja, kila mmoja na maradhi yake. Nikamwona anapanga kete peke yake na kuzipangua. Ndipo nikamwambia anifundishe. Akanijibu kwamba bao halitaki mtu mwenye haraka, na kwamba hata Mwalimu Nyerere, na nchi nzima kichwani mwake, alikuwa akipata utulivu wa kukaa mbele ya bao. Nikamwambia utulivu nitautafuta. Huu ni mwezi wa tatu.

Na nilikuwa nimeamini kwamba safari hii ni tofauti. Ule ukili, ukanda wa miyaa wa kusuka, niliouanza kwa shangazi umebaki pima nne chini ya kitanda. Mchicha wa kwenye ndoo niliumwagilia wiki mbili. Bao sijaliacha hata jioni moja. Namua, sehemu ya kwanza ya mchezo, naijua: unaanza na kete sita nyumbani, lile shimo kuu la upande wako, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi, unaingiza moja kila zamu. Zote zikishaingia, zako na zake, ndipo mnaingia mtaji, sehemu ya pili. Kwa baba sikuwahi kuuona mtaji. Lakini Jumapili nilihisi niko karibu, na ndiyo maana neno lile likaniuma pale pale.

Nimeurudia mchezo ule kichwani mpaka naweza kuucheza nimefumba macho. Nyumba yangu ilikuwa imenona, kete kumi. Nikamla tano kwa mpigo, nikazipanda kuanzia kichwa cha kushoto, yaani shimo la pembeni, ya tano ikaangukia nyumbani. Hapo mtu ana hiari: alale, yaani zamu yake iishie hapo, au aende safari, azipande kete zote za nyumba yake. Kete kumi na moja! Nikaenda. Tatu mbele, nane nyuma, kila shimo moja, na ile sauti ya komwe zikigonga mti ilinipa raha ambayo sijui niieleze vipi. Ya mwisho ikaingia pembeni kabisa, shimo tupu, ikalala. Nyumba imekwisha. Baba alikaa kimya, akaingiza kete moja tu, akala, akaendelea kula, na zamu mbili baadaye nikawa sina kitu mbele.

Sasa, "hukucheza na mimi" ni nini hapo?

Jumatatu nilidhani ananiambia nina kiburi. Jumanne, nikiwa dirishani kazini napokea malipo, likanijia wazo lililonikaa vibaya zaidi: kwamba anawataka wenzake. Kwamba mimi ninajaza tu kiti cha watu, na kila alasiri ananivumilia kwa sababu ni mwanawe. Nikampa mgonjwa chenji pungufu, ikabidi nimkimbilie hadi getini. Jumatano wakaguzi wakamaliza, posa ya mdogo wangu ikajibiwa vizuri, mtoto wetu Nuru akang'oka jino lake la kwanza, na mimi bado niko na sentensi moja ya maneno manne. Nilimsimulia dada kwa simu. Akasema, "Baba naye. Si maneno tu hayo." Nikanyamaza. Dada anamjua baba mwingine, yule wa zamani, mwenye miguu miwili mizima na maneno mengi. Huyu wa sasa hasemi kitu bure.

Alhamisi usiku umeme ukakatika. Watoto wamelala, baba amelala. Nikaliteremsha bao, nikawasha tochi ya simu, nikapanga kete nicheze pande zote mbili. Na ili niucheze upande wake ilibidi niketi kwenye kigoda chake. Sikuwahi kukikalia. Hakuna aliyenikataza, ila ni cha baba.

Nilipoketi pale bao likawa jingine. Nilijua kwa mdomo kwamba nyumba zetu hazitazamani, zimepishana shimo moja. Lakini pale ndipo nilipoliona hilo kwa macho: kutoka kwake, nyumba yangu niliyokuwa nikiitunza na kuinenepesha iko wazi kama sinia la wali mbele ya mgeni. Nikaurudisha mchezo wa Jumapili, zamu kwa zamu. Nikafika mahali nikashindwa kuendelea, kwa sababu sikukumbuka mstari wake wa nyuma ulikuwa na nini. Wangu nilikumbuka wote. Wake sikukumbuka hata shimo moja. Miezi mitatu nakaa mbele ya baba yangu, nikimsubiri amalize zamu yake ili nicheze yangu.

Nilikaa pale mpaka simu ikalia chaji imekwisha. Kifua kilikuwa chepesi, sijui kwa nini. Nilidhani ningelia.

Jana Ijumaa, baada ya sala na chakula, akafunua kitambaa. Nikamwamkia, nikaketi upande wangu. Kabla ya kila kete nilijiuliza: nikiingiza hapa, yeye atakula wapi, na ataanzia kichwa kipi? Kuna zamu nilikaa na kete moja mkononi mpaka ikapata joto. Zamani kimya kama kile kingenikera, ningehisi ananisubiri. Jana nilikuwa nimezama ndani yake. Mara mbili nyumba iliniita safari, mara mbili nikalala. Baba aliweka kikombe chini na hakukigusa tena. Hapo kwanza ndipo nilipoona kwamba akifikiri hutafuna shavu la kushoto kwa ndani, kidogo sana.

Nikatia mkono mapajani kuchukua kete nyingine, hakuna. Nikatazama mkononi kwake, hakuna.

"Mtaji," baba akasema.

Neno moja. Nilitetemeka vidole. Zamu nne baadaye akanifunga, hamna, mbele hakujabaki hata moja, na wala sikujali, jirani walinisikia nikicheka. Adhana ya alasiri ikaita. Akajikongoja kuinuka, akasimama, akaweka mkono begani kwangu ili apate nguvu, au labda hakuwa akitafuta nguvu. Kisha akasema, "Nikirudi tupange tena." Miezi yote hii anayeomba kupanga tena ni mimi.

Lile la Jumapili sikumuuliza. Huenda alikusudia jambo jingine kabisa.

Usiku nimeuvuta ule ukili kutoka chini ya kitanda. Miyaa imekauka, itabidi niilowanishe kwanza, na rangi ya zambarau imefifia upande uliokuwa ukipigwa na jua. Nitaanzia palepale nilipoachia.

Ningeandika zaidi, lakini pampu ya kisima imeanza tena ule mlio wake wa kukwaruza, na safari hii inanguruma bila maji kupanda. Fundi aliyeitengeneza mwezi uliopita hapokei simu. Tangi liko robo. Na kesho nyumbani kwetu wanakuja watu wa posa, si chini ya ishirini.