Buibui la Kwendea Kazini, Orofani

Miezi mitano hivi ya mwaka wa 2020 nilikuwa navaa buibui ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Si kwa swala, wala si kwa mgeni. Nilikuwa naenda kazini, na kazini kwenyewe ni chumba cha juu, ngazi kumi na nne kutoka jikoni.

Mimi ni karani wa klaringi. Kazi yangu ni kuingiza karatasi za mizigo kwenye mfumo wa forodha, wenyewe twaita entri: ankara, hati ya shehena, nambari ya kontena, uzito, idadi, ushuru. Kabla ya korona nilikuwa nakaa ofisini karibu na Moi Avenue, Mombasa, watoto wawili wako skuli, wa mwisho yuko na bibi yake. Machi ile skuli zikafungwa, na bosi akatugawia laptopu twende nazo nyumbani. "Wiki mbili tu," akasema.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kwamba Mji wa Kale hakuingiwi wala hakutokwi, na tulikuwa katikati ya Ramadhani. Mume wangu ni dereva wa lori; tangazo lilimkuta mbali, kwenye foleni ya Malaba, anangojea kupimwa. Basi ndani tukabaki mimi, mavyaa wangu, na watoto watatu: mkubwa ana miaka tisa, wa kati mitano, mdogo hajatimiza miwili.

Meza yangu ilikuwa cherehani ya marehemu mama, ile ya pedali, ambayo kichwa chake ukikizamisha ndani juu kunabaki ubao mtupu. Laptopu ilienea vizuri. Balaa ni pedali. Wa kati aligundua kwamba akijikunja chini ya meza akaisukuma kwa mikono, gurudumu linazunguka na meza yote inatetemeka; yeye dereva, mimi abiria. Kuna entri moja ya gari la mtumba kutoka Japani niliimaliza hivyo hivyo, herufi zinanichezea machoni.

Lakini watoto sikuwalaumu sana. Aliyenishinda ni mtu mzima. Mavyaa wangu ni mtu mwema, nasema kweli, si kwa kuwa atasomewa haya. Ila kwake yeye, mwanamke aliyevaa dera, amekaa, anatazama kioo, hana shughuli. "Mwanangu, maadamu umekaa, hebu nichambulie mchele." Mara muuza samaki anapita, mara kuna mtu anabisha hodi, na kila mara ni maadamu umekaa. Mavyaa hajibiwi. Nachambua mchele, narudi juu, nimesahau nilikuwa kwenye kontena gani.

Siku moja wa kati akaniuliza, "Mama, leo hutoki?" Nikajitazama: nimevaa dera. Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa watoto hawa, na kwa bibi yao pia, mama mwenye dera yupo, mama mwenye buibui hayupo. Hawakufundishwa na mtu, wamekua wakiona hivyo.

Kesho yake saa mbili asubuhi nikaoga, nikavaa buibui, nikajifunga mtandio, nikatwaa mkoba. "Mama, natoka. Nitarudi saa sita." Nikafika ngazini, na badala ya kushuka nikapanda. Mavyaa alicheka, nilimsikia. Lakini mchele alichambua mwenyewe. Na jirani alipokuja kuniulizia, nikasikia sauti yake kule chini: "Katoka."

Kwa wale wawili wakubwa nikaongeza sharti moja: mama akiwa kazini haitwi ila kwa damu. Siku ya tatu wa kati akapanda ngazi, kidole kimetangulia mbele kama mshumaa. Alikuwa na kigaga cha zamani, akakibandua, akaminya mpaka likatoka tone dogo mfano wa kichwa cha pini. "Damu," akasema, kwa adabu zote. Nikamsafisha. Ningesemaje, na sharti nimelitunga mwenyewe?

Kwa mdogo mambo yalikuwa magumu. Kwake buibui ni msiba: akiliona tu anajua anaachwa, anang'ang'ania pindo na kulia mpaka anakohoa. Siku nne nilifanya kazi nimembeba mgongoni kwa kanga. Nikaja kutambua kwamba hakuwa akitaka mimi nibaki. Alitaka na yeye atoke. Basi ikawa tunatoka kweli. Tunashuka, tunazunguka kichochoro mpaka duka la mikate, tunamsalimia paka anayelala kwenye baraza ya msikiti, tunarudi. Dakika kumi. Nikimkabidhi kwa bibi yake hana neno, safari yake kashaipata. Na mimi nikipanda zile ngazi, mambo ya jikoni yameshanitoka kichwani.

Ratiba nilizoandika kwenye karatasi zote zilikufa kabla ya wiki. Iliyobaki niliipata kwa daku. Watu wakishakula na kuswali alfajiri wanarudi kulala, mimi sikurudi. Kutoka hapo mpaka saa moja na nusu Kibokoni yote ni kunguru tu, na saa hizo nikazitoa kwa entri. Ramadhani ikaisha, mazoea yakabaki. Simu za mawakala wa meli unaweza kuzipokea huku unakoroga uji. Kufuatilia mzigo umefika wapi, pia unaweza, hata mtoto akiwa amekukalia. Entri haiwezekani, nami sikuyajua haya bure.

Ilikuwa 2021, watoto wako likizo. Kontena moja la vigae vya sakafu. Alfajiri ile usingizi ulinipitia, nikaifanya entri saa tano mchana, na mkubwa yuko pembeni anakariri hesabu za sita kwa sauti, sita mara mbili, sita mara tatu. Katoni zilikuwa 1,260. Nikaandika 1,620. Cha kuudhi ni kwamba nambari ya kontena niliipata sawasawa. Nambari hiyo ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho inatokana na hesabu ya zilizotangulia, kwa hivyo ukikosea moja inajisema yenyewe. Katoni za vigae hazina mlinzi wa namna hiyo. Mpaka kosa lionekane na lirekebishwe, siku 4 za bure za bandarini zimekwisha, na kontena limeanza kulipiwa kwa kukaa. Bosi akanipigia. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Vigae vimezaana njiani?"

Pesa zile zilikatwa kwenye mshahara wangu, miezi miwili. Tangu hapo mkubwa nikamwajiri. Anashika karatasi, anasoma tarakimu moja moja kwa kidole, nami nafuata kwenye kioo. Majina ya wenye mizigo nayafunika kwa rula, siri za watu si za mtoto. Malipo yake ni mabuyu ya shilingi 20. Amenikamata mara mbili, na hiyo ya pili alishangilia mpaka nikamwambia ashuke chini.

Nisifiche jambo. Buibui lilisaidia, lakini pesa zilisaidia zaidi. Mshahara uliporudi kuwa kamili nilimchukua binti wa jirani aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne, akawa anashinda na mdogo kuanzia saa tatu hadi adhuhuri kwa shilingi 200 na chakula. Wanawake wanaosema walilea na kufanya kazi nyumbani bila mkono wa mtu, mimi huwauliza: mtoto alikuwa ameshikwa na nani? Hakosi mtu. Mara nyingi ni bibi, na bibi halipwi. Hilo lilinichoma, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mwaka mzima hivyo. Nikaanza kumpa mavyaa bahasha kila mwisho wa mwezi. Ya kwanza aliirudisha, akanikasirikia kabisa. Ya pili aliitia chini ya mto bila kusema kitu.

Stima nayo hupotea, lakini aliyefanya kazi alfajiri haimsumbui sana. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipozimika, wenzangu walikuwa wanahangaika na simu zisizo na chaji. Mimi nilikuwa nimemaliza tangu kabla ya mahamri.

Siku hizi naenda ofisini mara mbili kwa wiki, siku tatu niko orofani. Watoto wamekua, na kazi naifanya na dera langu bila mtu kunigusa. Buibui limerudi kwenye msumari.

Mchana mmoja wa kaskazi, joto kali, nilishuka kunywa maji nikawakuta wote watatu wamejipanga kwenye ngazi, kimya, kama wanaongojea daktari. Ilikuwa saa yao ya viazi karai, na karai liko juu ya jiko, baridi. Nikauliza bibi yuko wapi. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeegeshwa. Nikachungulia: amelala chali, redio iko kifuani inasema taratibu, na buibui limemfunika mpaka vidole vya miguu.

"Usimwite," mdogo akaninong'oneza. "Bibi yuko kazini."