Gari inazima ikishapata moto? Usikimbilie kununua pampu

Gari inayowaka freshi asubuhi, inakubeba toka Kimara vizuri tu, halafu ikifika foleni ya Ubungo imepata moto inazima, huo ndo ugonjwa unaokula hela za watu. Maana ukiivuta mpaka gereji imeshapoa, fundi anapiga stata inawaka, anakuangalia kama unaisingizia gari yako mwenyewe, halafu wanaanza kubahatisha, leo plagi kesho koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), keshokutwa pampu ya mafuta.

Mi nasema gari ipimwe palepale ilipozimia, ikiwa bado ya moto. Toyota IST yangu ilikua inazima hivo na taa ya chek injini haiwaki kabisa, mashine ya kupimia gari haisomi kosa. Nikampakia fundi umeme tukazunguka nayo Morogoro Road jua la mchana, AC imewashwa, mpaka ikagoma. Akanambia bosi piga stata ila macho yako kwenye mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Stata inazungusha vizuri kabisa, mshale umelala kwenye sifuri, haustuki hata kidogo, yaani kompyuta ya gari haioni injini ikizunguka. Akasema basi tuache koili, humu zipo 4 na kila plagi ina yake, ikifa moja gari inamisi tu, inatetemeka, haizimi yote.

Akaloanisha kitambaa, akapenyeza mkono chini karibu na puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) akakikandika kwenye sensa, ile ndogo inayosoma mzunguko wa krenki. Tukangoja kidogo. Stata, ikawaka! Ndani ya ile sensa kuna waya mwembamba sana umesokotwa, ukiwa na ufa joto linautanua ishara inakatika, ukipoa unagusana tena, ndo maana ukipima ya baridi inaonekana nzima. Na kompyuta ikikosa ishara ya krenki inakata moto wa plagi na mafuta kwa pamoja, kwahiyo mtu akikuta mafuta hayaji anailaumu pampu ya watu bure.

Sisemi kila gari ni sensa. Kama yako inazima kwenye sailensa tu, yaani injini inanguruma hujakanyaga mafuta, ukikanyaga mafuta inakaa, anza kusafisha throto, kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini. Kama inakohoa na kukosa nguvu kwanza ndo izime, hapo hata mimi ningeitazama pampu.

Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, watakuuzia sensa yuzd kwa bei ya kutupa, ila sensa yuzd imeshapikwa kwenye injini ya mwenzio miaka yote hiyo, mi nilichukua mpya.