Lile tundu la ukurasa wa 63

Jamani, kabla hamjasambaza tena habari za "uzao wa Yesu na Maria Magdalena", someni andiko lenyewe. Injili ya Filipo, andiko la kale lisilo katika Biblia, la Kikopti (lugha ya kale ya Misri), iliibuka karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Ukurasa wa 63 unasema Yesu alikuwa akimbusu Maria kwenye... hapo mafunjo yametoboka! "Mdomo" ni neno la kujazia la wahariri. Rudini ukurasa wa 59: waumini wanabusiana wote, ni busu la ibada. Na koinonos, neno la Kigiriki ambalo andiko hilo linamwita Maria, ni mwenza au mshirika, si lazima mke. Mtoto wao hatajwi popote. Ile Sayuni ya Ufaransa (Prieuré de Sion), chama kinachodaiwa kulinda siri ya uzao huo, nayo? Iliandikishwa 1956, nasaba zake zilighushiwa, zikapenyezwa maktaba ya taifa, Paris.