Kadibodi ya Baba Mdogo

Kondele, Jumapili usiku. Stima imerudi sasa hivi baada ya kutunyima mpira, nami naandika haya kabla usingizi haujanishika.

Mwezi wa nne nilimsindikiza mama mkwe kutoka hospitali hapa Kisumu hadi kwake Maseno. Stejini iliyokuwa ikipakia ni nganya, yale matatu ya madoido yenye muziki na skrini, tukapanda hivyo hivyo. Anayezijua adabu za Wajaluo kuhusu mkwe hahitaji kuelezwa zaidi: mimi na mama huyu hatukai kiti kimoja, wala hatupeani mkono. Yeye alikaa mbele, mimi nikajibanza safu mbili nyuma yake, na mbele yetu sote skrini ya inchi 32 ikaanza kuonyesha mabinti waliovaa nusu, nusu nyingine wameiacha nyumbani. Maneno ya wimbo ndiyo usiseme. Kabla ya Kisian mama akaitoa leso mabegani, akajitanda kichwa kizima mpaka usoni kama mtu anayejikinga na vumbi, akakaa vile hadi tukafika. Mimi nilikodoa macho dirishani kana kwamba sijawahi kuona mahindi shambani. Hatujalizungumzia hadi leo, na hatutalizungumzia.

Kazi yangu ni kutengeneza televisheni na dikoda, kwa hiyo aibu ile iligeuka kazi ya mezani. Nikawaza kiboksi cha kukaa kati ya flashi na skrini ya matatu: kinasikiliza na kutazama, likija tusi kinakata sauti, ikija picha ya aibu kinatia kiza sekunde chache, halafu video inaendelea. Nilikuwa na hakika hakuna binadamu aliyewahi kuwaza jambo hili. Nikamwambia mke wangu nitakwenda Nairobi, KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani, niandikishe hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya jambo jipya. Akaniuliza bila kuinua macho kwenye mboga, "Baba watoto, umeangalia kama hakuna mwenzako aliyekutangulia?"

Swali hilo limenila wiki tano.

Kutafuta uvumbuzi uliotangulia kunafanana na kutafuta spea. Mteja akiniletea televisheni, jina lililoandikwa mbele halinisaidii. Nafungua mgongo nisome namba ya paneli. Kwenye hataza nilianza kijinga, nikaandika kwa Kiingereza changu kitu kama "chujio la video chafu", nikaletewa mitambo ya kusafisha maji. Watu wa hataza hawaandiki kama watu wengine. Tusi kwao ni "maudhui yasiyotakikana" na filamu ni "mfululizo wa vipande". Mlango ulifunguka nilipogundua kwamba kila hataza hupewa namba ya kundi lake. Kundi la kuziba vipande vya video kwenye kifaa cha mtazamaji ni H04N 21/4542. Nikaichapa kwenye Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni ambayo ni bure, nikabaki nimeshika tama. Kila niliyoifungua ilitaja nyingine zilizoitangulia, na hizo zikataja za nyuma yake.

Nilianza na wakongwe. Tim Collings wa Canada alibuni V-chip, chipu ya kukaa ndani ya televisheni, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani ikaiingiza kwenye sheria yake ya mawasiliano ya 1996, na kuanzia Januari 2000 kila televisheni mpya ya inchi 13 kwenda juu iliyouzwa kule ilitakiwa kuwa nayo. Hiyo husoma daraja la kipindi, yaani kinafaa watu wa umri gani, linalokuja pamoja na mawimbi, ikishaona halifai inafunga kipindi kizima. Nikapumua. Bodi yetu ya filamu ina madaraja yake, GE, PG, 16 na 18, lakini flashi ya konda haina daraja lolote, ina nyimbo mia tatu na virusi.

Halafu nikakutana na kiboksi kiitwacho TVGuardian. Hiki husoma yale maandishi ya viziwi yaliyofichwa kwenye mawimbi, kikikuta neno lililomo kwenye orodha yake kinanyamazisha sauti. Rahisi, na kwa kweli ni akili nyingi. Nikapumua tena, maana filamu za vibanda vya video kwetu maandishi hayo zinayatoa wapi? Mzungu anatukana chini kwa Kiingereza, na DJ juu yake anatafsiri kwa Kiswahili na Sheng huku akiongeza tusi lake mwenyewe la bure. Nikaona hapo ndipo pengo langu lilipo: mashine inayosikiliza sauti yenyewe. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikapata hataza ya Microsoft iliyotolewa 2008: mashine inasikiliza usemi, inatambua neno lisilotakikana kwa sauti zake, inalifuta kabla halijatangazwa. Maombi yaliwasilishwa 2004. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la saba, nikikariri jedwali la kuzidisha.

Upande wa picha sikufika mbali. Mwaka 1996 Margaret Fleck, David Forsyth na Chris Bregler walichapisha makala kuhusu kompyuta inayotafuta watu walio uchi: kwanza inasaka maeneo yenye rangi na umbile la ngozi, kisha inaangalia kama yanaungana kama mikono na miguu. Nilijaribu ile nusu ya rangi hapa mezani kwa kanuni niliyoipata mtandaoni. Kiboksi kikaziba chapati. Kikaziba ukuta wa udongo na mbuzi wa kahawia. Mcheza densi mweusi chini ya taa za zambarau, kama zile za nganya, kikampisha kwa heshima zote. Kanuni ile ilipimwa kwa ngozi za nani, nadhani jibu unalo.

Iliyonikalisha chini kabisa ni hataza ya Max Abecassis, iliyowasilishwa Marekani 1993 na kutolewa 1995. Nimesoma madai yake usiku tatu nikiwa na kamusi, maana kichwa cha hataza hakikwambii kitu. Uzito wote uko kwenye madai, pale mvumbuzi anapotaja hasa kipi ni chake. Humo mashine haina haja ya kuelewa filamu. Kuna mtu aliyeitazama mapema, akaandika kila kipande kinaanzia wapi, kinaishia wapi na kina nini ndani yake. Kifaa kinafuata ramani hiyo na kuruka kulingana na matakwa ya mtazamaji. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja mlangoni kuangalia kuna nini. Mashine hii naijua. Nimekua nayo.

Baba mdogo alikuwa na kibanda cha video hapa Kondele nikiwa mtoto, mabati matupu, mabenchi ya mbao na deki moja. Ijumaa usiku alitazama kanda mpya peke yake. Akifika pahali pabaya alisoma ile namba ya tarakimu nne kwenye deki na kuiandika kwenye daftari la mraba: 1142 mpaka 1160, K. 2075, S. K ni kadibodi, S ni sauti. Daftari lilining'inia kwa kamba kwenye msumari, na Jumamosi mchana, watoto wakiwa wamejaa, kijana wake alikaa kando ya televisheni akisubiri namba ifike, kisha anashusha kadibodi ya katoni ya sabuni mbele ya kioo. Sisi tulipiga kelele. Wakati mwingine kijana alisinzia, na hayo ndiyo matinee tuliyoyasimulia shuleni mwezi mzima.

Sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 inasema kinachoua upya wa uvumbuzi ni chochote kilichokwisha kuwekwa wazi kwa umma, popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumiwa. Popote. Hata kibanda cha mabati. Taabu ni ushahidi na tarehe.

Lililonichukua muda kulielewa ni kwamba nilikuwa nachanganya maswali mawili. Naruhusiwa kutengeneza? Na naweza kusema ni changu? Hataza huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa, na maisha yake kwa kawaida ni miaka 20. Ya 1993 imekwisha kitambo, na ile ambayo haikuandikishwa Kenya haiwezi kunizuia hapa. Lakini hata ikiwa mfu inatosha kunikatalia upya. Nilidhani hataza ya zamani ni ukuta, kumbe ni mwongozo wa bure wenye michoro. Na hata ningekuta uwanja mtupu nisingelala usingizi mzuri, kwa sababu maombi ya wengine hukaa gizani kama miezi 18 kabla ya kuchapishwa.

Basi safari ya Nairobi nimeiahirisha, kiboksi nakiendeleza. Kilichobaki chenye jasho langu ni orodha ya matusi ya Sheng, Dholuo na Kinyore, na orodha ya matusi haipewi hataza. Naiandika nikiwa nimefunga mlango wa karakana. Mteja mmoja aliikuta mezani juzi, akachukua redio yake akaondoka bila kusubiri chenji.

Leo mchana nilikwenda kwa baba mdogo kumuuliza lile daftari liko wapi. Mchwa. Mwaka je, anaukumbuka? Akasema ni ule mwaka aliponunua ile deki ya pili, na deki ya pili hakumbuki aliinunua lini. Nikamweleza habari za yule Abecassis, namba zake na vipande vyake, na cheti alichopewa na serikali ya Marekani. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Sawa, nyathina," akasema. "Na kadibodi, huyo alikuwa anaishusha na nani?"