Siku Moja Maishani Mwangu: Mimi na Dirisha Linalovuja

Saa 12:30 asubuhi. Usiku mvua ilipiga kwa upepo, nami nimeamkia doa lile lile la kahawia chini ya dirisha la chumbani, kona ya kushoto. Plasta inabonyea nikiigusa, rangi imetutumka kama lengelenge. Nimeshapaka rangi hapo mara mbili. Leo sigusi rangi, natafuta njia ya maji.

Saa 2. Ukuta wa nje unaanza kukauka, napanda ngazi. Silikoni, ile gundi ya kuzibia mapengo, juu ya fremu imesinyaa na kuachana na ukuta kiasi kwamba ukucha unapita. Kwenye kona kuna ufa mwembamba kama unywele. Ningeweza kuziba hapo na kushuka, lakini maji hayajitokezi pale yalipoingilia. Yanaweza kupenya juu, yakateremka ndani ya ukuta, doa likaonekana chini kabisa.

Saa 3. Nachukua mpira wa maji, mwanangu anakaa ndani na tochi. Ninaanza chini, napanda taratibu, kila sehemu dakika 10. Ukianzia juu, maji yanalowesha kila kitu na hutajua yamepita wapi. Kizingiti, kimya. Nahamia kwenye reli ya chini, mfereji ambamo vioo huteleza, na hazijapita dakika 5:

"Baba, yanaingia!"

Nazunguka ndani kuangalia. Reli imejaa pomoni, maji yanamwagika ukutani. Dirisha hili la alumini ni la kusukuma kando, na maji kuingia kwenye reli yake ni jambo la kawaida. Ndiyo maana fremu ina vitundu kwa nje, ili yatoke. Fundi aliyetangulia aliviziba vyote kwa silikoni, bila shaka akidhani ndivyo vinavyovujisha. Imeniuma, maana ukuta umelowa misimu miwili kwa sababu hiyo. Tafadhali, ukiona vitundu hivyo usivizibe.

Saa 4. Nimechomoa vioo, nimekata silikoni kwa ncha ya kisu na kuzibua kwa waya. Likatoka tope jeusi limeshikana na mabawa ya wadudu. Nikamwaga kikombe cha maji kwenye reli: yakachuruzika nje mistari miwili, safi kabisa. Nilifurahi mno.

Sikuishia hapo. Nikarudisha vioo, tukaendelea na mpira ubavuni, pakavu. Juu, dakika ya nane, tone likaning'inia kwenye kona ya ndani. Kumbe yalikuwa mavujio mawili.

Saa 5 hadi saa 8 ni kukwangua. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, kwa hiyo lazima yote itoke. Kisu, brashi, kitambaa chenye spiriti, kisha kusubiri jua likaushe pengo.

Saa 9. Pengo la juu lina upana wa milimita 10 hivi. Nasukumia ndani kamba ya sponji kwanza, ili silikoni ishike pande mbili tu, ukuta na fremu, na iweze kuvutika alumini inapotanuka kwa joto. Natumia silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa yenye harufu hiyo hutoa asidi isiyopatana na simenti. Naijaza, kisha nalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, mvuto mmoja bila kurudi nyuma. Ule ufa nao nimeupanua kidogo, nikapiga brashi vumbi, nikaujaza.

Saa 11 jioni. Silikoni imefanya utando juu, ila ndani bado ni laini, na wingu linajikusanya. Natundika nailoni juu ya dirisha, nikiiacha mbali na silikoni. Ndani nimebandua plasta yote iliyolegea. Ukuta utabaki wazi hivyo hivyo mpaka ukauke kabisa, hata kama ni wiki kadhaa. Kesho kutwa mwanangu atashika tochi tena, nami nitafungulia mpira, kuanzia chini.